Kijana Akitaka Kuhamia kwa Nyanyake

Mzazi mwenzangu, tuseme uliachana na mumeo, mahakama ikakupa ulezi wa watoto, nawe umewalea peke yako mjini Migori. Sasa kifunguamimba wako wa miaka 15 anasema anataka kuishi na nyanyake huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Je, una haki ya kumkataza?

Ndiyo, unayo. Nchini Kenya, mtu ni mtoto hadi atimize miaka 18. Lakini Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na maoni yake yasikizwe kulingana na umri wake. Kwa hivyo muulize sababu kabla ya kumwita mkaidi. Huenda kuna jambo analolikimbia nyumbani.

Kulelewa na nyanya si ajabu katika jamii zetu. Hata hivyo, kijana akihama, dhamana yako haihami naye. Nyanya hupata kazi ya kumlea, wala si haki zako. Amri ya mahakama nayo hubaki vile vile hadi mahakama yenyewe iibadilishe. Baba pia hajaondolewa wajibu: Katiba inawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wawe wameoana au la.

Hatari kubwa ni kwa kijana mwenye ugonjwa wa kudumu. Pengine ana selimundu, ugonjwa wa damu unaopatikana sana kando ya Ziwa Victoria, au anameza ARV. Akihama ghafla, kliniki humpoteza na dawa hukatika. Virusi huongezeka tena na huweza kuwa sugu. Mwenye selimundu naye akipata malaria huweza kuzidiwa upesi, kwa hivyo alale ndani ya neti.

Kabla hajaondoka, fanya haya:

1. Chukua barua ya uhamisho kutoka kliniki yake, na dawa za kumtosha hadi siku ya kliniki mpya.

2. Zungumza naye kuhusu nani huko ataambiwa hali yake. Siri hiyo ni yake.

3. Mwandikie nyanya barua ya kumruhusu ampeleke hospitali, yenye nambari yako ya simu. Kwa dharura, Katiba inakataza mgonjwa kunyimwa matibabu. Lakini kwa upasuaji unaoweza kungoja, daktari atakutafuta utoe idhini.

4. Hakikisha ameandikishwa kama mtegemezi wako katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Je, akienda bila ruhusa na kukataa kurudi? Usimfuate na fimbo. Mwone afisa wa watoto. Mahakama iwe hatua ya mwisho. Na kama kijana anapigwa au kunajisiwa, kwako au huko aliko, nambari ya 116 hupigwa bila malipo.

Anapofunga begi, hesabu vidonge kabla ya nguo.