Ufungaji Sahihi wa Gurudumu la Mbele la Pikipiki Nyumbani: Mfano wa Mazingira ya Kigwa, Tabora

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kurudisha gurudumu la mbele la pikipiki yenye breki ya ngoma, kazi ambayo vijijini hufanywa mara nyingi na mwenye chombo mwenyewe baada ya kuziba pancha. Hoja kuu ni kwamba kukazika kwa nati si ushahidi wa usalama. Ushahidi umo katika ulimi wa shokapu kukaa ndani ya pengo la sahani ya breki, jambo ambalo ni lazima lithibitishwe kwa jicho na kwa mkono kabla nati haijakazwa.

1.0 Utangulizi

Kigwa imo katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, kwenye njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Henry Morton Stanley alipita hapo mwezi Juni 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Enzi hizo mzigo ulisafiri begani mwa mpagazi, kwa kawaida ukiwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani takribani kilo 32. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 iliwapunguzia wapagazi safari ndefu, lakini haikugusa safari fupi za kila siku baina ya nyumba, shamba, gulio na zahanati. Safari hizo leo hutegemea sana pikipiki, ambayo hubeba tumbaku, mpunga, madumu ya asali, na wakati mwingine mama mjamzito anayewahishwa kujifungua.

Njia zenyewe zina mchanga mwingi miinuko ilipo, na udongo mweusi unaonata mbugani. Miiba na vishina vya miti ya miyombo hutoboa tairi mara kwa mara, na fundi hayupo kila mahali. Kwa hiyo gurudumu la mbele hufunguliwa na kufungwa uani kwa spana mbili na koleo. Kulifungua si kazi ngumu. Hatari imo katika kulirudisha, kwa kuwa gurudumu lililofungwa vibaya linaweza kuonekana sawa, likazunguka sawa na kumfikisha mwendeshaji safari kadhaa bila dalili yoyote, mpaka siku atakapolazimika kufunga breki kwa nguvu.

2.0 Sehemu Zinazohusika na Kazi Zake

Maelezo haya yanahusu pikipiki za injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 zenye breki ya ngoma mbele, ambazo ni nyingi katika kazi ya bodaboda. Gurudumu huzunguka juu ya beringi mbili, na beringi hizo hushikwa na ekseli inayopita katika miguu yote miwili ya shokapu. Upande mmoja wa gurudumu kuna ngoma. Ndani ya ngoma kuna viatu vya breki vilivyofungwa kwenye sahani ya breki. Gurudumu na ngoma yake huzunguka, lakini sahani haipaswi kuzunguka. Upande wa pili huwa na bushi fupi inayojaza nafasi kati ya beringi na mguu wa shokapu.

Kinachoizuia sahani isizunguke ni ulimi mdogo wa chuma ulioumbwa kwenye mguu wa shokapu. Ulimi huo huingia katika pengo lililochongwa kwenye sahani. Mwendeshaji anapovuta mkono wa breki, viatu hutanuka na kuikamata ngoma, na ngoma hutaka kuivuta sahani izunguke nayo. Nguvu yote hiyo hupokewa na ulimi. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba ulimi uko sentimita 6 kutoka katikati ya ekseli, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 30, basi ulimi hubeba nguvu mara tano ya ile ambayo tairi linaisukuma ardhi wakati wa kusimama.

Hapa ndipo ilipo siri ya ajali nyingi za aina hii. Ulimi usipoingia katika pengo, nati iliyokazwa huibana sahani na kuizuia kwa msuguano peke yake. Msuguano huo unaweza kutosha kwa breki nyepesi, lakini breki ya ghafla ikija hautoshi. Sahani huzunguka, huuvuta na kuukata waya wa breki au kuusokota, na gurudumu linaweza kukwama papo hapo. Gurudumu la mbele likikwama, mwendeshaji na abiria wake hurushwa mbele. Hivyo basi, kujaribu breki kwa mwendo mdogo uani hakuwezi kufichua kosa hili.

3.0 Hatua za Ufungaji

3.1 Maandalizi

Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati kwenye ardhi ngumu, na kipande cha gogo huwekwa chini ya injini ili sehemu ya mbele ibaki juu. Gogo lisiegemezwe kwenye bomba la moshi. Mahali penye mchanga, stendi hukalishwa juu ya ubao ili isizame wakati nati inakazwa.

Vifaa vilivyofunguliwa hupangwa juu ya gunia safi kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Ekseli hupanguswa na kupakwa grisi kiasi kidogo tu, kwa kuwa grisi nyingi huvuta mchanga, na mchanga uliochanganyika na grisi husaga beringi kama tupa. Beringi huzungushwa kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, ibadilishwe. Viatu vya breki na uso wa ndani wa ngoma havipaswi kuguswa na grisi wala mafuta. Aidha, iwapo tairi lina mshale ubavuni, mshale huo uelekee upande ambao gurudumu huzungukia pikipiki inapokwenda mbele.

3.2 Kupandisha Gurudumu

Sahani ya breki hurudishwa ndani ya ngoma kwanza. Katika pikipiki ambazo waya wa kipimamwendo huingia kwenye sahani, giya yake huwa na masikio mawili yanayokaa katika nafasi zake kwenye kitovu cha gurudumu. Sahani huzungushwa taratibu mpaka masikio yatumbukie na sahani ilale sawasawa. Ikilazimishwa, masikio hupondeka.

Bushi ya upande wa pili hurudishwa mahali pake. Kisha gurudumu huinuliwa kati ya miguu ya shokapu, na sahani huzungushwa mpaka pengo lake liukabili ulimi na kuupokea. Ekseli huingizwa kutoka upande uleule ilikotolewa. Ipite kwa kusukumwa na mkono. Ikigoma, sababu huwa ni gurudumu kutoinuliwa vya kutosha au bushi kukaa upande. Kuigonga kwa nyundo huharibu meno ya ekseli na kuficha sababu yenyewe.

Kabla ya kukaza nati, ufanyike ukaguzi mkuu. Mfungaji huchuchumaa na kuutazama ulimi ukiwa ndani ya pengo, kisha huishika sahani kwa mkono na kujaribu kuizungusha mbele na nyuma. Sahani ikikataa pande zote mbili, kazi iendelee. Ikizunguka hata robo ya mduara, gurudumu lishushwe na hatua zirudiwe.

3.3 Kukaza

Waya wa breki na waya wa kipimamwendo hufungwa. Nati hushikizwa bila kukazwa, gurudumu huzungushwa, kisha mkono wa breki huvutwa na kushikiliwa. Kufanya hivyo huviweka viatu katikati ya ngoma. Nati hukazwa wakati mkono wa breki ungali umevutwa.

Kiasi cha kukaza hutolewa na kitabu cha mtengenezaji. Kwa pikipiki nyingi za kundi hili huwa karibu na njutanimita 50. Asiye na spana ya kipimo anaweza kukadiria kwa kitu anachokijua. Ndoo yenye lita 20 za maji ina uzito wa takribani kilo 20, na uzito huo ukining'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 25 hutoa karibu njutanimita 50. Kupanda kwa mguu juu ya spana huzidisha kiasi hicho mara kadhaa na huweza kukata meno ya ekseli.

Iwapo mguu mmoja wa shokapu una bolti ya kubana ekseli, bolti hiyo huachwa kwanza. Pikipiki hushushwa kwenye stendi, na usukani hugandamizwa mara nne au tano ili shokapu zipande na kushuka. Miguu hujipanga yenyewe juu ya ekseli, ndipo bolti ikazwe. Nati yenye tundu la pini irudishiwe pini mpya. Pini ya zamani iliyokwisha kukunjwa na kukunjuliwa huvunjika kwa urahisi.

4.0 Kuthibitisha Kazi

Gurudumu likiwa juu tena, mambo manne huchunguzwa. Kwanza, lizunguke kwa uhuru bila breki kuburuta. Pili, likishikwa juu na chini na kutikiswa, lisicheze. Tatu, mkono wa breki uwe na uhuru wa milimita zipatazo 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla viatu havijaanza kukamata. Nne, usukani ugeuzwe kulia na kushoto hadi mwisho huku nyaya zikitazamwa zisibanwe.

Baada ya hapo mwendeshaji huenda polepole mita chache bila abiria, akifunga breki kwa hatua. Baada ya safari ya kwanza nati hukaguliwa tena, na ulimi hutazamwa tena.

5.0 Hitimisho

Kurudisha gurudumu la mbele si kurudia tu hatua za kulifungua kwa mpangilio wa kinyume. Katika kufungua, ulimi hutoka wenyewe katika pengo bila mtu kuufikiria. Katika kufunga, haurudi mpaka mfungaji aurudishe. Mazingira ya Kigwa yanaifanya kazi hii iwe ya nyumbani na hakuna sababu ya kuikataza, maadamu spana mbili na uangalifu vinatosha. Kinachohitajika ni kubadili kipimo cha kumaliza kazi. Anayeacha baada ya kuona nati imekaza amekagua nati peke yake. Anayeijaribu sahani kwa mkono wake kabla ya kukaza amekagua breki, na hiyo ndiyo itakayomhifadhi abiria aliyeketi nyuma.