Mfanyakazi Asipokuja Kazini

Huenda unayo mashine ya kusaga kijijini Tarime, au hoteli ya chai Mugumu, au cherehani mbili Sirari, nawe umeajiri mtu mmoja au wawili. Asubuhi moja mfanyakazi haonekani. Kina mama wametoka mbali na mahindi kichwani, wakuta mlango umefungwa. Hasira yakupanda, wataka kumkata mshahara. Ngoja kwanza, uliza sababu.

Mgonjwa si mvivu. Mtu mwenye homa kali akija kazini kwa kuogopa kukatwa mshahara, akasimama karibu na mkanda wa mashine akiwa na kizunguzungu, aweza kupoteza mkono. Hasara hiyo yapita ile ya kufunga mlango siku tatu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja. Aliyetimiza miezi 6 kazini ana haki ya siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zifuatazo kwa nusu mshahara. Lakini yampasa kuleta cheti cha daktari. Kama daktari yuko mbali, cheti cha mganga wa zahanati chaweza kutosha, na mwajiri asikikatae bila sababu ya haki.

Na misiba je? Sheria yatoa siku 4 zenye malipo katika miezi 36 hiyo, mtoto akiugua au kufariki, au akifariki mume, mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Ni siku 4 tu, hata misiba ikiwa mitatu. Hapo ndipo penye ugumu kwetu, maana mjomba hakutajwa, wala baba mkwe. Nani kwetu asiyekwenda kumzika mjomba wake? Sheria yamruhusu mwajiri kuongeza siku bila malipo. Basi mpatane mapema.

Fanyeni hivi. Siku ya kumwajiri, andikeni mapatano: akiugua amwarifu nani, kwa simu au kwa kumtuma mtoto, na kabla ya saa ngapi. Weka daftari, uandike mbalimbali siku za ugonjwa, za msiba na za utoro. Tena mfundishe mtu wa pili kuendesha mashine, ili mlango usifungwe.

Nawe uliyeajiriwa, usijifanye mgonjwa ili uende mnadani. Kanuni za mwaka 2007 zahesabu kutokuja kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa kuwa kosa kubwa. Lakini hata mtoro asikilizwe kwanza, ndipo ahukumiwe.

Papa Leo XIII, katika waraka wake *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi si mtumwa, wala asitwishwe kazi kupita nguvu zake. Fundisho hilo si la viwanda vikubwa vya Ulaya tu. Lahusu na mashine yako ya kusaga.