Wingi wa Sauti si Rai ya Umma

Mwaka 1936, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kumchagua Rais, jarida la Literary Digest lilipeleka karatasi za kura kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na kwa kuutegemea wingi huo likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Hesabu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika anwani, zilizotolewa aghalabu katika vitabu vya simu na daftari za wenye motokaa, ambamo mafukara wa zama zile za dhiki hawakuwamo, na katika hamu ya kujibu, iliyowazidi wale waliotaka Rais aondoke. George Gallup, mpimaji wa rai aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini akijitahidi kuwateua kwa uwiano wa tabaka zao, alimbashiri mshindi sawasawa.

Leo mtu akifungua simu na kukuta maelfu wameipenda habari fulani hudhani umma mzima umekwisha kukata shauri, ilhali hao ni wale waliosema tu, na wenye ghadhabu ndio wepesi wa kusema. Wala athari haikomei hapo, kwa maana binadamu huipima rai yake kwa rai za wenziwe. Katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwataka watu wautaje mstari uliolingana kwa urefu na mwingine, kila mmoja akiwa ameketishwa kati ya wenzi walioagizwa kwa siri kutoa jibu la uongo. Takriban robo tatu yao waliufuata uongo huo walau mara moja, hali macho yao yaliuona ukweli.

Kwa hiyo mpimaji mwadilifu humwendea asiyesikika. Sauti za Wananchi, mradi wa shirika la Twaweza nchini Tanzania, uliteua kaya kwa bahati nasibu, ukazigawia simu pamoja na chaja za nguvu za jua, kisha tangu mwaka 2013 ukawa ukizipigia na kuziuliza, hata mkulima asiye na umeme akahesabiwa sawa na mkazi wa mjini.

Basi tuonyeshwapo tarakimu na kuambiwa kuwa ndiyo kauli ya wananchi, ni wajibu wetu kuuliza ni nani walioulizwa, ni nani waliosahauliwa, na kabla ya kujibu walikuwa wamekwisha kusikia nini kutoka kwa wenzao.