Butembo: Tramadol ya munganga na ile ya kujinunulia

Hapa Butembo ao Beni, mama mwenye kupasuliwa wakati wa kuzaa, ao mwenye kupigwa risasi, anahitaji dawa yenye nguvu. Munganga akimwandikia tramadol kwa siku chache, hakuna ubaya.

Shida inaanza karatasi ya munganga ikimalizika. Mgongo unauma kwa kubeba mizigo kutoka shamba, mama anarudi farmasi mwenyewe, ananunua kidonge kimoja kimoja. Tramadol ni ya jamaa moja na morfini: mwili unaizoea, kesho kidonge kimoja hakitoshi tena. Mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku. Akizidisha anaweza kuanguka kifafa. Akichanganya na kasiksi ao Valium, pumzi inaweza kukatika.

Kwa mwenye mimba, dawa inapita hadi kwa mtoto. Akizaliwa, anaikosa ghafla: anatetemeka, analia bila kunyamaza, ananyonya vibaya. Hata maziwa yanaibeba. Mwaka 2017, idara ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba mama asinyonyeshe wakati anaimeza.

Lakini wewe mjamzito uliyeizoea, usiikate kwa siku moja: mimba inaweza kutoka. Nenda kituo cha afya, sema hesabu ya vidonge bila kuficha, wakupunguzie polepole.