Jalala na Joto la Dunia

Mtu atupapo ganda la ndizi hudhani kwamba habari yake imekwisha. Sivyo. Mjini Nairobi liko jalala la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilihesabiwa kuwa limejaa, lakini taka zilizidi kumwagwa. Basi, na tuangalie yatendekayo ndani ya lundo kama hilo.

Mabaki ya chakula yakifunikwa na taka nyingine, hewa haiyafikii. Huozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa, navyo hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hiyo haionekani wala haina harufu, lakini hupanda angani ikazuia joto la dunia lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu alalaye. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya methani huzuia joto kupita kilo 25 za hewa ya ukaa. Joto likizidi, majira ya mvua huharibika, na mkulima hajui siku ya kupanda.

Dawa ipo. Kwanza, chakula kisipotezwe. Pili, mabaki yatengwe, yachanganywe na majani makavu, yageuzwe mara kwa mara ili hewa ipite. Ndipo methani itokapo kidogo tu, nasi tukapata mbolea. Tatu, mikebe ya alumini iyeyushwe upya, maana kazi hiyo hutaka sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zitumikazo kupata alumini mpya kutoka mawe ya mgodini.

Haba na haba hujaza kibaba. Jalala nalo hujaa vivyo hivyo, na hupunguzwa vivyo hivyo.