Ekrani kidogo, kazi mingi: namna ya kupanga madirisha kwenye Linux, na namna ya kuiboresha



Wengi wetu hapa Bukavu tuliandika TFC au mémoire kwenye mashini ya okazyo, ya inchi 14 ao 15, yenye ekrani ya pikseli 1366 kwa 768. Upande huu LibreOffice, upande huu PDF ya kitabu, chini kabisa jedwali la hesabu. Unasoma mustari moja, unafunika dirisha, unaandika neno mbili, unafunua tena. Jioni inaisha, batri inaisha, na ukurasa haujajaa. Si kwamba weye ni muzembe. Ni madirisha yanapandana, na kila mara mukono wako njo unafanya kazi ambayo mashini ingefanya yenyewe.

Leo tuongelee kitu kinachoitwa kupanga madirisha kama vigae. Fikiria fundi anayeweka karo kwenye sakafu ya nyumba pale Kadutu: karo moja haipande juu ya ingine, na haibakishe nafasi ya bure. Madirisha pia yanaweza kukaa hivyo.

Nani anapanga?

Ndani ya Linux kuna programu moja yenye kazi ya kuamua dirisha likae wapi, liwe na ukubwa gani, na lipi liwe mbele. Tuiite msimamizi wa madirisha. Kwenye Xfce inaitwa xfwm4, kwenye Cinnamon ya Linux Mint ni Muffin, kwenye GNOME ni Mutter, kwenye KDE ni KWin. Zote ni programu huria: kodi yake iko wazi, unaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa.

Wazo lenyewe si jipya. Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, ilikuwa inapanga madirisha ubavu kwa ubavu, haikuruhusu yapandane. Baadaye mtindo wa kupandana ukashinda. Mwaka 2009 Windows 7 ikarudisha nusu ya wazo: vuta dirisha mpaka ukingo wa ekrani, linajaza nusu. Xfce ikaipata na toleo la 4.10 mwaka 2012, kisha 4.12 ya mwaka 2015 ikaongeza pembe, yaani robo ya ekrani. Kuna pia wasimamizi ambao vigae njo maisha yao yote, kama dwm (2006) na i3 (2009): kila dirisha likifunguka, mengine yanajisogeza yenyewe. Ni nyepesi sana kwa mashini ya zamani, lakini karibu kila kitu unafanyia kwenye klavye, na siku za kwanza utatoka jasho.

Anza na kile kiko tayari

Hauhitaji kununua unités. Kwenye Cinnamon na KDE, shika batoni yenye alama ya Windows pamoja na mushale wa kushoto: dirisha linaenda nusu ya kushoto. Kwenye Cinnamon, ongeza mushale wa juu, linaingia robo ya juu. Kwenye Xfce, vuta dirisha mpaka ukingo ao pembe. Na kama unapenda klavye, ingia kwenye mipangilio ya msimamizi wa madirisha, sehemu ya klavye, uchague batoni zako mwenyewe. Wenye KDE kuanzia toleo 5.27 (Februari 2023) wabonyeze alama ya Windows na T: kinafunguka chombo cha kuchora vigae vyako. Kisha unavuta dirisha huku umeshika Shift, na linaingia ndani ya kigae.

Sasa, kwa nini bado inasumbua?

Tufanye hesabu. Pikseli 1366 gawa kwa mbili ni 683. Ukitoa upau wa chini wa pikseli 28, robo moja inabaki 683 kwa 370. Kwa LibreOffice yenye mistari yake ya batoni hapo juu, unabaki na mistari michache tu ya kuandika. Kwa hiyo robo kwenye ekrani yetu si dawa. Dawa ni mugawanyo usio sawa: asilimia 60 kwa kuandika, 40 kwa kusoma, yaani karibu pikseli 820 na 546.

Hapo njo kazi ya kuboresha inaanza, na shida kubwa ni tatu.

Ya kwanza: majirani. Ukipanua dirisha la kushoto, la kulia linapaswa lipunguke lenyewe. Kama msimamizi anakumbuka tu "hili liko kushoto" bila kukumbuka nani jirani yake, hawezi kufanya hivyo. GNOME iliongeza jambo hili kwa madirisha mawili kwenye toleo 3.26, mwaka 2017.

Ya pili: ukubwa wa chini kabisa. Kila programu inaweza kumwambia msimamizi "mimi sishuke chini ya pikseli 700." Ukiipa nusu ya 683, itapita mupaka kwa pikseli 17 na kufunika jirani. Msimamizi muzuri anauliza kwanza, kisha anagawa: 700 kwa huyu, 666 kwa mwenzake.

Ya tatu: kumbukumbu. Ukitoa dirisha kwenye kigae, lirudi na ukubwa gani? Lazima ukubwa wa zamani uwe umehifadhiwa kabla ya kupanga. Na ukiunganisha projekta siku ya défense kisha ukaitoa, vigae vyote vinapaswa vihesabiwe upya, la sivyo dirisha linabaki nje ya ekrani na jury inakungojea.

Sisi tunaingia wapi?

Wengi wa wanaoandika programu hizi wana ekrani kubwa na klavye ya QWERTY. Sisi tuko na ekrani ndogo na AZERTY, ambapo tarakimu zinaombaka Shift. Njia ya mukato kama "alama ya Windows na 1" inaweza kukataa kwetu, na yeye asijue hata siku moja. Atajua kama tunamuambia.

Kuambia si kulalamika. Ripoti nzuri ina vitu vine: toleo la programu, ukubwa wa ekrani, hatua moja moja ulizofanya, na tofauti kati ya kile ulingojea na kile kilitokea. "Vigae havifanye kazi" haimsaidie mtu. "Kwenye 1366 kwa 768, nikipanga LibreOffice kushoto, inafunika PDF kwa pikseli 17" inamsaidia sana. Tafuta kwanza kama mwingine ameshaleta shida ile ile, na andika kwa Kiingereza chepesi.

Walio informatique wanaweza kwenda mbali zaidi. xfwm4 na Muffin zimeandikwa kwa C, na si rahisi kuingia. Lakini KWin inakubali skripti ndogo za JavaScript, bila kugusa programu yenyewe. Mugawanyo wa 60 kwa 40 ni somo zuri la TFC: liko na hesabu, liko na watumiaji wa kweli wa kujaribu, na matokeo unaweza kuyapima kwa saa.

Kazi yako inaweza kukataliwa mara ya kwanza. Hiyo ni kawaida. Soma maelezo, rekebisha, rudisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Leo usiku, kabla batri haijaisha, jaribu kitu kimoja tu: kitabu kushoto, kazi yako kulia, ubavu kwa ubavu. Kisha utuambie hapa: ukurasa ngapi?