Kitufe cha Kuzimia Kikae Upande wa Moto

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliipa ardhi hiyo ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na hapo wakimbizi wa nchi hiyo wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, karakana, na kiwanda cha samani kilichoitwa Vuyisile Mini. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Penye msumeno wa umeme, pampu au kinu, iwe katika karakana kama ile ya Mazimbu au kwingineko, swali la uhai ni moja: waya ukichubuka, je, kitufe chekundu bado kitaisimamisha mashine? Jibu linategemea fundi alikifunga kitufe hicho upande gani.

Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 230, na nyutro huunganishwa na ardhi kwenye transfoma. Kitufe hakikati umeme wa mota moja kwa moja. Kinaamuru koili ya kontakta, swichi ya sumaku inayobeba mzigo mkubwa. Fundi akitanguliza koili kwenye moto, kisha akaweka kitufe kati yake na nyutro, mashine itawaka na kuzima vizuri tu. Lakini mtikisiko au panya akiuchubua waya ulio kati ya koili na kitufe, ukagusa bodi ya chuma iliyounganishwa na ardhi, umeme umeshapata njia ya kurudi bila kupita kwenye kitufe. Mashine yaweza kujiwasha, au ikaendelea kuzunguka huku mtu anabonyeza. Kitufe kikiwa upande wa moto, nyuma ya fyuzi, na ncha ya pili ya koili ikienda moja kwa moja kwenye nyutro, mchubuko kama huo huleta shoti: fyuzi inakatika na kontakta inaachia.

Wapo watakaosema sakiti breka itakata kwa vyovyote. Haitakata, kwa sababu katika mpangilio mbaya umeme unapita kwanza kwenye koili. Kontakta ndogo hutumia takriban ampea 0.04, breka ya ampea 10 haiwezi kuuhisi mkondo huo, wala kifaa cha kugundua uvujaji cha miliampea 300. Wengine hushauri transfoma ya kudhibiti isiyounganishwa na ardhi. Ni kweli hitilafu ya kwanza haitadhuru, ila itakaa kimya hadi ya pili itakapokiruka kitufe. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 kinataka mfumo huo uwe na kifaa cha kufuatilia insulesheni. Hoja nzito zaidi ni ya ardhi yenyewe. Fito ya ardhi yenye omu 20 hupitisha ampea 11.5 tu kwa volti 230, na kiangazi udongo mkavu huongeza ukinzani. Hapo fyuzi ya ampea 10 inaweza kuchelewa mno au isikatike kabisa. Hoja hii haiondoi kanuni. Inadai ardhi ipimwe na kifaa cha uvujaji kiongezwe.

Kufunga sawasawa hakudai kontakta ya ziada wala kitufe cha bei kubwa, bali mpangilio sahihi. Kwa hiyo mwenye karakana amtake fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, amwonyeshe kwenye mchoro mahali kitufe kilipo, amwandikie kipimo cha ardhi, na ahakikishe moto na nyutro havikubadilishana. Mashine kuwaka si ushahidi kwamba imefungwa salama. Ushahidi ni kwamba hata ikiharibika itasimama.